Besi ni ya Nani? Habari za Bendi ya Wafanyakazi wa Busia na Tororo



Mara nyingi kurasa hizi huzungumza juu ya mishahara, likizo, ajali na mikataba. Leo tumeombwa tuandike juu ya mambo anayoyafanya mfanyakazi baada ya king'ora cha kutoka kazini kulia. Sisi ni watu saba tupigao muziki wa dansi mwisho wa juma. Wanne wetu wanakaa upande wa Kenya, mjini Busia na vijiji vya jirani. Watatu wanakaa upande wa Uganda, huko Tororo. Miongoni mwetu wamo wakata miwa wawili, dereva wa trekta, mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa umeme, mpakiaji wa mifuko ya saruji na fundi cherehani. Hakuna hata mmoja anayelisha watoto wake kwa muziki. Jumatatu alfajiri kila mtu yuko kazini kwake.

Tutazungumza zaidi juu ya gitaa la besi, kwa sababu taabu zetu nyingi zilianza na chombo hicho, na mafunzo yetu mengi pia.

KAZI YA BESI

Mtu akiingia dansini humtazama mwimbaji, halafu mpigaji solo. Mpigaji besi husimama nyuma karibu na ngoma, na watu wengi hawajui hata jina lake. Lakini besi ikinyamaza, wachezaji huacha kucheza kabla hawajatambua ni nini kilichopungua. Kazi ya besi ni kuunganisha ngoma na magitaa. Ni kama mtu anayeshika kamba upande wa nyuma wakati wa kuvuta mzigo: haonekani, lakini akiiachia mzigo unarudi.

Sisi tulijifunza kwa kusikiliza redio na sahani za santuri. Wapigaji wa benga kutoka pande za Ziwa Viktoria, kama bendi ya Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani, walitufundisha kwamba besi inaweza kukimbia na kujibizana na solo bila kupoteza mwendo. Les Wanyika walitufundisha kinyume chake. Katika wimbo wao maarufu, Sina Makosa, besi ya Tommy Malanga haina haraka, tena inaacha nafasi, na ndiyo inayobeba wimbo mzima. Mpigaji besi wetu alikaa na wimbo huo miezi mitatu. Alituambia kwamba sauti zenyewe hazikumpa taabu. Taabu ilikuwa kujua mahali pa kunyamaza.

TULIANZA NA SANDUKU

Hatukuanza na gitaa la umeme. Tulianza na sanduku la mbao nyembamba, la aina ile iliyokuwa ikifungiwa majani ya chai. Tuliligeuza chini juu, tukatoboa tundu katikati, tukapitisha waya wa breki ya baiskeli, na ncha ya pili tukaifunga kwenye fimbo. Ukiivuta fimbo waya unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Wazee wetu walipiga hivyo, na wenzetu wa Unguja wapigao kidumbaki wana chombo cha namna hiyohiyo, nao hukiita sanduku. Hata ndugu zetu Wateso, ambao wako pande zote mbili za mpaka huu, katika vikundi vyao vya akogo huwa na akogo kubwa ya kupiga sauti nzito. Basi mtu asidhani besi ililetwa na umeme. Umeme uliiongezea nguvu tu. Gitaa la besi la umeme la Leo Fender lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1951, na Fender mwenyewe alikuwa fundi wa redio.

Tulipiga sanduku katika arusi na matanga. Tulilipwa chakula, na mara nyingine nauli. Hatukuwa na deni kwa mtu yeyote, na tulilala usingizi mzuri.

VYOMBO VYA MWENYE BAA

Shida ilikuja tulipopata ofa. Mwenye baa mmoja, ambaye hatutamtaja, alikuwa na vyombo kamili: magitaa matatu, ngoma, mikrofoni na spika. Alituita tupige kila Jumamosi. Tulifurahi sana hata hatukuuliza masharti.

Tuwape hesabu ya usiku mmoja, kama tulivyoiandika katika daftari. Kiingilio kilikuwa shilingi 100 za Kenya, na waliingia watu 80. Jumla ni shilingi 8,000. Mwenye baa alichukua nusu, yaani 4,000, kwa ajili ya ukumbi. Akachukua 2,000 za kukodi vyombo vyake, ambavyo tulikuwa tukivipigia ndani ya ukumbi wake. Akakata 800 za mafuta ya jenereta. Zikabaki 1,200 kwa watu saba, yaani kila mtu shilingi 171. Wenzetu wa Tororo, wanaosafiri kama kilomita 30, walimaliza fedha hizo njiani. Bia zilizouzwa usiku kucha kwa sababu ya muziki hazikuingia katika hesabu hata kidogo.

Usiku mwingine uzi mmoja wa besi ulikatika. Ulikuwa mzee na umeshika kutu. Mwenye baa akamkata mpigaji besi bei ya nyuzi zote nne. Ndugu yetu huyo alikuwa amekata miwa siku sita kabla ya usiku ule. Alirudi nyumbani akiwa na deni kwa sababu ya kuwachezesha watu.

Ndipo fundi wetu wa umeme aliposimama akasema maneno ambayo hatujayasahau: "Kiwandani tunajua kwamba mwenye mashine ndiye anayepanga bei ya jasho letu. Mbona tukishika gitaa tunasahau?" Juma lililofuata hatukwenda.

TULIVYONUNUA CHETU

Tulikubaliana kwamba kila siku ya mshahara kila mtu atoe kiasi kilekile, si kwa cheo wala kwa chombo anachopiga. Mwalimu akashika daftari. Fundi cherehani akashika fedha. Hatukutaka mtu mmoja ashike vyote viwili. Kulikuwa na miezi ambayo wakata miwa hawakuwa na kazi, nasi tuliandika deni lao bila kuwasema. Ilituchukua mwaka mmoja na miezi miwili.

Gitaa la besi tulinunua kuukuu kutoka kwa kanisa lililokuwa likibadilisha vyombo. Amplifaya tuliipata Kampala. Sanduku la spika tulitengenezewa na seremala wa hapa Busia kwa mbao za tabaka, na ndani tukatia spika moja ya inchi 15. Siku ya kwanza tulipolisikia likinguruma, mama mmoja jirani alikuja kuuliza kama lori limeanguka barabarani.

Kabla ya kupiga hata wimbo mmoja tuliandika katiba ya ukurasa mmoja. Kifungu cha kwanza kinasema vyombo ni mali ya kikundi, wala si mali ya mtu anayevipiga. Cha pili, anayetoka kwa hiari anarudishiwa nusu ya alichochanga. Cha tatu, fungu moja katika kumi ya kila mapato linawekwa kwa ajili ya matengenezo. Cha nne, chombo hakiuzwi ila kwa kura ya watu watano kati ya saba.

Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Tanzania chama cha wafanyakazi kilikuwa na bendi yake tangu mwaka 1964: NUTA Jazz, ambayo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, kila chama kilipobadilika jina, na leo watu wanaijua kwa jina la Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, nacho kilianzisha bendi yake mwaka 1970, iliyotangaza nguo za kiwanda hicho. Wanamuziki wa bendi za namna hiyo walipata mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo wenzao wa baa walilitamani. Lakini vyombo vilikuwa mali ya shirika, na mwanamuziki aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Kila mpango una faida na hasara yake. Mfanyakazi na aujue kabla ya kuingia.

KUTUNZA CHOMBO

Tunawaandikia wenzetu wanaoanza mambo machache tuliyojifunza kwa gharama.

Kwanza, msipitishe besi katika amplifaya ndogo ya gitaa la kawaida. Uzi mnene wa besi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde moja, na spika ndogo haiwezi kuusukuma upepo huo. Hupasuka. Besi inahitaji nguvu nyingi kuliko solo ili isikike sawa.

Pili, soma namba ya omu nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4. Kama amplifaya haikutengenezwa kwa omu 4, itachemka na kuungua, na fundi atakulaumu wewe.

Tatu, nyuzi za besi ni ghali. Zikifa sauti, zitoe, zichemshe katika maji safi kwa dakika kama kumi, zikaushe kabisa, uzirudishe. Zitafufuka kwa muda. Ukimaliza kupiga, zifute jasho kwa kitambaa kikavu. Mwenzetu wa saruji hupewa kitambaa chake mwenyewe, maana vumbi la kiwandani likiingia katika vitufe vya sauti gitaa hukoroma.

Nne, funga jenereta nje ya ukumbi, mbali na madirisha. Sumu iliyomo katika moshi wake huua watu bila harufu ya kuwaonya. Tena washa jenereta kwanza, ingoje itulie, ndipo uwashe amplifaya.

UMEME HAUNA URAFIKI

Jambo la tano tunaliandika peke yake. Mpigaji gitaa ameshika nyuzi za chuma, na midomo yake inagusa mikrofoni ya chuma. Kama waya wa ardhini haupo, au umekatwa na mtu aliyechoshwa na mngurumo wa spika, umeme wa volti 240 unaweza kupita kifuani mwake. Mwaka 1972 mpigaji gitaa wa Kiskoti, Les Harvey, alikufa jukwaani mjini Swansea, Welisi, alipogusa mikrofoni isiyo na waya wa ardhini. Hakuwa mwanafunzi, alikuwa mwanamuziki wa kazi.

Fundi wetu hana ruhusa ya kunywa kabla hajapima kila soketi. Na baa ambayo soketi zake hazina waya wa tatu, hatupigi. Tumekosa fedha kwa sababu ya sheria hii mara nne. Tuko hai wote saba.

MASIKIO NA VIDOLE

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 juu ya kelele kazini zinasema mfanyakazi asipate kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 katika siku nzima. Lakini sikio halijui kama kelele ni ya kinu au ya muziki. Mtu akisimama karibu na mashine toka asubuhi, kisha usiku akasimama saa tano mbele ya spika, anahesabu zote mbili katika sikio lilelile. Sisi sasa tunaweka spika mbele yetu kidogo na pembeni, na mpigaji ngoma anavaa vizibo vya masikio vilevile anavyovaa kwenye trekta. Tulimcheka siku ya kwanza. Sasa tunaviazima.

Na vidole je? Mwaka 2016 mpigaji besi wetu alijikata kidole cha mkono wa kushoto kwa panga akiwa shambani. Kwa kuwa alikuwa kibarua, aliogopa kusema, akakifunga kwa kitambaa akaendelea kukata. Mwakilishi wa chama ndiye aliyemshika mkono, akampeleka ajali yake iandikwe. Sheria ya Kenya ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka 2007, si ya wafanyakazi wa kudumu peke yao. Alitibiwa. Kidole kilipona, ila hakikunji vizuri, na ilimbidi ajifunze upya kupiga kwa vidole vitatu. Kama angenyamaza, kidonda kingeoza. Ndugu, ripoti ajali yako siku ileile, hata kama unaiona ndogo.

KUVUKA MPAKA

Bendi yetu iko katika nchi mbili, na mpaka umetufundisha uvumilivu. Wazee wanakumbuka mwaka 1977, Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Wanakumbuka Desemba 1987, majeshi ya pande mbili yalipopigana risasi hapa Busia na mpaka ukafungwa. Watu wa ukoo mmoja walitazamana kwa mbali. Jumuiya mpya ilianza kazi mwaka 2000. Tangu mwaka 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Februari 2018 kituo cha Busia kimefunguliwa rasmi kuwa kituo kimoja, ambapo maafisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja.

Kwa mtu mmoja kuvuka ni rahisi. Kwa amplifaya si rahisi hivyo. Tulipoanza, spika yetu ilivuka juu ya baiskeli ya bodaboda, na ni sawa ivuke hivyo, maana jina bodaboda lilizaliwa papa hapa, vijana walipokuwa wakibeba abiria kutoka lango la nchi moja hadi la nchi nyingine. Lakini usiku mmoja afisa alituzuia, akisema tunaingiza bidhaa za kuuza. Hatukuwa na karatasi. Tukalala nje tukilinda vyombo, na arusi tuliyoitiwa ikapigiwa redio.

Tangu siku hiyo tuna orodha: jina la kila chombo, namba yake na rangi yake. Tunaionyesha forodhani tunapotoka na kuomba igongwe muhuri, ili tukirudi tusiulizwe kama tumenunua ng'ambo. Mapato nayo huja kwa shilingi za nchi mbili. Tunayahesabu mbele ya wote, kila fedha kwa fungu lake, na kubadilisha asubuhi, si usiku kwa mtu wa barabarani.

MWAKA ULIOTUPIMA

Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Malori tu ndiyo yalipita, yakiwa yamepanga foleni ndefu kuelekea Busia na Malaba. Baa zikafungwa pande zote mbili. Wanne wakabaki Kenya na watatu Uganda, na vyombo vyote vilikuwa Busia.

Kufikia mwezi wa sita mpigaji besi wetu hakuwa na kibarua tena. Alikuwa na watoto wanne na gitaa la besi ukutani. Mtu wa duka alimpa bei. Alitupigia simu mmoja mmoja, naye hakuficha. Alisema: "Hili gitaa ninalipiga mimi. Watoto wangu hawawezi kula katiba."

Tulijadiliana kwa simu jioni tatu. Wengine walisema sheria ni sheria. Wengine walisema sheria isiyomjua mwenye njaa si sheria. Dereva wa trekta alikasirika akakata simu. Mwisho tukapiga kura. Besi isiuzwe, kwa kuwa gitaa zuri kwa bei hiyo hatungelipata tena. Amplifaya iuzwe. Nusu ya fedha apewe mpigaji besi, isiwe mkopo. Nusu nyingine igawanywe kwa wawili waliokuwa wameachishwa kazi Tororo. Walikubali watano, na mmoja wa waliokataa ndiye aliyebeba amplifaya kwenda kuiuza.

Tuseme kweli: tulikosea hesabu. Kenya iliondoa kafyu Oktoba 2021, na Uganda ikafungua baa Januari 2022. Tulipotafuta amplifaya ya kununua, bei ilikuwa imepanda kupita akiba yetu. Tulikuwa na besi isiyo na sauti. Kwa miezi minane tukarudi kupiga arusi kwa sanduku la chai, kama zamani. Vijana walicheka. Wazee walicheza.

Lakini mtu hakupotea. Wote saba tulirudi, na mpigaji besi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa mchango wa amplifaya mpya, kabla hajaulizwa. Mwaka 2023 tuliinunua. Pia tumeongeza kifungu cha tano katika katiba: mfuko wa dhiki, mbali na mfuko wa matengenezo, ili siku nyingine tusilazimike kuchagua kati ya chombo na tumbo la mwenzetu.

NENO LA MWISHO

Siku hizi mwenye baa anaweza kumweka kijana mmoja na kompyuta, watu wakacheza hadi asubuhi. Hatumchukii kijana huyo, naye anatafuta riziki. Lakini tunaona kwamba bendi inafunza mambo ambayo chama kinayataka: kufika kwa wakati, kusikilizana, kuhesabu fedha hadharani, kumngoja aliyechelewa mdundo na kutomwacha aliyeumia. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mpigaji besi wetu, mwenye vidole vitatu vya kutegemea, husema anaijua methali hiyo kuliko sisi sote.

Wenzetu wa viwandani na mashambani wenye nia ya kuanzisha kikundi wasingoje kupata vyombo vikubwa. Waanze na sanduku. Ila waandike katiba kabla ya wimbo wa kwanza, na swali la kwanza waliloulize liwe hili: chombo ni cha nani?